Oili ya Boti Niliyoileta Pasaka

Siyu, kisiwa cha Pate. Jumapili, tarehe 12 Januari. Mwaka wa pili unaelekea kwisha tangu nitoke nyumbani, na ni miezi tisa tangu nilipokuja Pasaka.

Mwanangu Nafula,

Jana ulinikatia simu. Sikukasirika. Hata mimi ningemkatia mtu anayeniambia nihatarishe kazi kwa ajili ya sauti. Lakini kesho asubuhi unaondoka nyumbani, unataka kuondoka na ile pikipiki, na mimi niko mbali, siwezi hata kuuficha ufunguo. Kwa hiyo naandika. Nikimaliza nitapiga picha kila ukurasa, nipande juu ya ukuta tunaojenga ambako mtandao unashika, nikutumie zote. Zisome kabla hujawasha injini.

Mambo ya blanketi, dawa, chakula cha njiani na watu wa kutoaminiwa, mama yako ameshakwambia, naye anayajua kuliko mimi. Siyarudii. Mimi nina neno moja tu la kukwambia na limenikalia kifuani tangu Jumatano.

Jumatano nilikuwa nakoroga saruji simu ilipolia. Nilidhani ni salamu. Nikakusikia: "Baba, nimebadilisha oili kama tulivyofundishwa chuoni, na sasa inalia hivi. Mama anasema nimeiharibu. Sikiliza." Halafu sauti yenyewe ikaanza. Khrrr, khrrr, kama mtu anasaga mahindi makavu juu ya jiwe katika chumba cha pili. Nikasimama na sepetu mkononi. Wenzangu wakadhani nimeletewa habari ya msiba.

Nafula, hujaiharibu. Mwambie na mama yako, au umpe ukurasa huu asome. Ile sauti nilikuwa naijua kabla wewe hujaisikia. Uliniuliza pia kwa nini oili uliyoimwaga ilikuwa nzito kama asali, rangi yake inaelekea buluu, na ndani yake mna unga unaometameta. Uliniuliza nilitia nini. Nikakujibu, "Oili." Sasa nakujibu vizuri.

Kazi yangu huku unaijua kwa jina tu, kibarua wa mjengo. Ukweli ni kwamba nusu ya kazi hiyo ni kubeba. Saruji inakuja kwa boti kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, inashushwa Mtangawanda, na kutoka pale mpaka Siyu mimi ndiye ninayeileta, mfuko mmoja mbele yangu juu ya tangi, mmoja nyuma, kwa pikipiki ya Bwana Athman, mwenye nyumba tunayomjengea. Alikuwa ameinunua kuukuu. Ilivuka bahari imelazwa ubavu kati ya magunia ya vitunguu, na oili yake nusu ikabaki ndani ya boti. Haikupita muda ikaanza kulia. Mlio ule ule wa kwako.

Bwana Athman akaniambia niipeleke Kizingitini kwa Bwana Famau. Huyu ni fundi wa injini za boti. Pikipiki hakuzisomea popote, lakini huku anayejua chuma kimoja hupelekewa vyuma vyote. Nimemwona akitengeneza cherehani. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba kama ya gundi. "Tia hini," akasema. "Ni oili ya gia ya boti. Itanyamaa."

Na kweli ikanyamaza. Nilirudi Siyu nikisikia upepo masikioni badala ya chuma. Kisiwa kizima wanafanya hivyo. Oili ya pikipiki yapasa uiagize Amu uingoje, lakini oili ya boti haikosekani, ni kama chumvi nyumbani. Nikaona nimepata siri ya watu wa pwani. Mama yako alikuwa amekwishanilalamikia kwenye simu kwamba pikipiki yetu nayo imeanza kunguruma ikipeleka maziwa. Nikamwomba Bwana Famau chupa ya pili, nikaifunga ndani ya soksi, nikasafiri nayo siku zote zile mpaka nyumbani Kimilili.

Unakumbuka. Wewe ndiye uliyenishikia faneli. Nilimimina chupa nzima juu ya oili iliyokuwamo, na kwenye pikipiki ile injini na gia vinakunywa chungu kimoja, kwa hiyo vyote vikanywa. Jirani yetu akasema kupitia ua, "Sasa umeifanya boti, mvua zikija itaelea?" Tukacheka. Nikaiwasha, ikawa kimya kama ya dukani. Mama yako alinitazama kwa jicho ambalo sijatazamwa nalo tangu siku nyingi. Nilirudi huku nikijiona mwanamume aliyeiacha nyumba yake vizuri.

Mwezi wa nane ile ya Bwana Athman ilikatika.

Nilikuwa natoka Mtangawanda na mifuko yangu miwili. Haikutoa onyo lolote, maana onyo nilikuwa nimeshalifunga mdomo mimi mwenyewe. Nikasikia mlio mmoja kama jino linavunjwa na koleo, gurudumu la nyuma likashikana papo hapo, halizunguki, nikaenda chini na saruji juu yangu. Huku njia ni mchanga, mtanga kama wanavyouita wenyewe. Nilichubuka mkono na goti, nikameza vumbi la saruji, basi. Mzee mmoja mwenye punda wawili alinikuta nimekaa kando. Akaishika pikipiki, akaisukuma mbele, akaisukuma nyuma, haikwenda.

"Bwana," akaniambia, "punda hana gia."

"Naona, mzee."

"Na akichoka hakwambii kwa siri. Hulala ndiani, kila mtu akamuona."

Tukampakia punda mmoja saruji, na mwingine akaivuta pikipiki kwa kamba mpaka Siyu, imewekewa ubao chini ya gurudumu. Vijana walisimama barazani wakitucheka. Nami nilicheka nao.

Niliipeleka kwa Bwana Famau nikiwa na hasira. Nikamwambia dawa yako imeniua. Alikuwa ameinama juu ya injini ya mtu, hata hakuinua kichwa.

"Mimi nalikwambia itanyamaa," akasema. "Nalikwambia itapona?"

Alipoifungua akanionyesha. Beringi, ile pete yenye gololi inayobeba shafti ya gia, ilikuwa imepasuka vipande, na gololi moja ilikuwa imejipenyeza kati ya meno ya gia. Oili nzito ilikuwa imezizungushia zile gololi zilizolika kama godoro, zisigongane kwa sauti. Kulika zikaendelea kulika vile vile.

Sasa lile linalonikera. Siku ile ile, nimesimama pale na kile kipande cha chuma mkononi, nilijua kwamba nyumbani kuna pikipiki iliyonyweshwa chupa ya namna hiyo hiyo. Nilijua, Nafula. Sikupiga simu. Nikajiambia ile ya nyumbani haibebi saruji. Nikajiambia inakwenda mpaka barabara ya lami na kurudi tu. Nikajiambia nitaiangalia mwenyewe nikija Krismasi, na Krismasi sikuja. Sababu yenyewe ni kwamba sikutaka mama yako aliondoe lile jicho. Kuna watu wanaficha fedha. Mimi huficha mlio.

Sikuanzia kwenye pikipiki. Wewe unajua niliacha shule darasa la sita, na umezoea kusikia kwamba ni kwa sababu ya karo. Karo ilikuwa ngumu, lakini haikuwa hiyo. Sikuwa naona ubao. Nilikuwa nakaa nyuma, maandishi yanaogelea, nikinakili kwa jirani yangu. Jirani akikosea nami nakosea kosa lile lile, mwalimu anatuchapa wote wawili. Ningesema "Mwalimu, sioni," ningehamishwa mbele tu. Sikusema. Nikawa mtundu, nikapiga kelele, nikafukuzwa darasani mara kwa mara, na watu wakakubali kwamba kichwa changu si cha kitabu. Macho yangu yalikuja kupimwa nikiwa mtu mzima, Amu, siku waliyokuja madaktari wa macho. Yule mama aliyenivisha miwani ya kujaribia akaniambia nisome herufi ukutani. Nikazisoma zote mpaka chini kabisa, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Na mgongo wangu. Nilikwambia umepona. Haujapona. Ninameza vidonge vya dukani asubuhi ili nibebe, na jioni ili nilale. Ni oili ile ile. Hilo usimwambie mama yako, nitamwambia mwenyewe nikifika, na ukiona sijamwambia unikumbushe mbele yake.

Nirudi kwenye sauti, ambayo wewe uliifungua mdomo ulipoimwaga ile oili nzito.

Alhamisi nilikuomba uijaribu kwa namna nne unirekodie, na ukaijaribu ingawa ulikuwa umechoka kuniona daktari wa simu. Niliwasikilizisha wenzangu wakati wa chai. Mmoja, Mkamba, akasema cheni. Mwingine akasema sproketi imeisha meno, naweka kichwa changu. Nikamwambia kichwa chako hakina soko, sikiliza kwanza. Uliposhuka kilima injini imezimwa, pikipiki inateleza yenyewe, ilikuwa kimya. Hapo cheni na magurudumu vikatoka kwenye kesi, maana vilikuwa vinazunguka na havikulia. Ulipoiwasha ikiwa imesimama, haina gia yoyote, ililia. Injini ikipanda, mlio nao unapanda. Halafu ukaminya mkono wa klachi. Ikanyamaza. Ukauachia, ikalia. Ukaminya, ikanyamaza. Yule Mkamba akaweka kikombe chini.

Ulipouminya mkono ule ulikuwa unaitenga injini na gia. Injini ilikuwa bado inazunguka, shafti ya gia ikasimama, na mlio ukasimama nayo. Unaona mwenyewe ubovu ulipo. Lakini sikutaka kuamini sikio langu, maana sikio langu lina hatia na lingeweza kusikia kile linachokiogopa. Kwa hiyo jana, Jumamosi, niliomba ruhusa nikaenda Kizingitini.

Nilimkuta Bwana Famau na watu wamemzunguka, kila mmoja ana injini yake iliyokufa. Nikampa simu. Akaiweka sikioni, akafumba macho. Mnunuzi mmoja wa kamba wa baharini aliyekuwa anangojea propela yake akasema, "Leo Famau watibu mgonjwa asiyekuwapo?"

"Nyamaa, wewe," Bwana Famau akamwambia. "Huyu mgonjwa alia vizuri kuliko wewe."

Akarudia mara tatu. Kisha akasema, "Mwambie mtoto atwae bisibisi ndefu. Ncha aitie kwenye chuma cha injini, mpini autie sikioni. Azunguke nayo pande zote, akwambie ni wapi yamtoboa sikio."

Ndipo nilipokupigia, ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yako yuko karibu na kuku wa kukuaga ameshachinjwa. Ulifanya. Nilikuwa nasikia kuku wengine na pumzi yako. Halafu ukasema, "Kulia, Baba. Nyuma ya klachi. Kushoto kuko sawa. Hapa kulia ni kama mtu anatafuna mchanga."

Sikuhitaji kumtafsiria, alikuwa ametega sikio kando ya simu. Uso wake ulikuwa umeshabadilika. Akafuta mikono.

"Ni beringi ya shafti," akasema. "Upande wa klachi. Kama ile ya Athman."

"Una hakika?"

"Sina. Hii ni sauti ya simu. Sauti ya simu si sauti ya chuma. Lakini nawe umekwisha isikia kabla hujaya kwangu, wataka nikukanushe."

Nikamuuliza itachukua muda gani.

"Waniuliza siku ya mtu kufa? Yaweza kwenda mwaka. Yaweza kukataa kesho asubuhi. Aenda wapi nayo?"

Nikamweleza. Nikamwambia mwanangu amepata kazi ya kutibu mifugo kwa chama cha wafugaji huko chini Kacheliba, na barabara inaposhuka kutoka Kapenguria inateremka muda mrefu kwa kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Ninaijua. Niliipita nikiwa utingo wa lori la mahindi kabla hujazaliwa. Dereva wangu alikuwa mtu wa matusi, lakini pale alikuwa akinyamaza mpaka tufike chini. Bwana Famau hajawahi kuona mlima maishani mwake, lakini alinielewa. Akasema taratibu:

"Hapa twaanguka juu ya mtanga."

Basi hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo nilipokupigia jana jioni. Sikuileta vizuri. Nilianza na amri, nikasema "Hiyo pikipiki haiondoki," kama baba aliyeko nyumbani. Ukaniambia, "Baba, kila pikipiki hapa ina kelele. Wewe umekuwa mtu wa pwani, unaogopa mlima." Nikasikia mama yako nyuma yako akisema, "Mwulize yeye yuko wapi." Ulinieleza kwamba mwenyekiti wa chama alisema wazi, wanataka mtu mwenye pikipiki yake, na kuna kijana wa Makutano ambaye tayari anayo. Nikasema pikipiki si kitu. Ukasema, "Sina pikipiki, sina kazi. Sina kazi, nikae hapa nikingojea nani?" Ukakata.

Nilikaa na swali lako. Nimekaa nalo mpaka sasa.

Sitakudanganya kwamba nina hakika. Huenda Bwana Famau amekosea, huenda sisi wawili tumetishana. Huenda ile beringi ingekupeleka Kacheliba, ikutembeze kwenye maboma yote, ije ikatike siku moja ukiwa umesimama sokoni, watu wakusaidie kusukuma. Nikikuzuia halafu kazi ikaenda kwa yule kijana, utakuwa umepoteza kazi kwa woga wa baba ambaye hata hayupo. Nalijua hilo. Nimelala nalo vibaya. Upande wa pili ninaona lile gurudumu linashikana, na chini yako hakuna mchanga. Nimeziweka pande zote mbili kwenye mizani, na hata nikiuongezea ule wa kazi kila kitu ninachokijua, haufikii uzito wa huu wa pili.

Usiitie oili nzito tena. Najua mtu atakushauri, na itanyamaza, na utaona raha. Hata ukiamua kuyakataa maneno yangu yote uondoke nayo, nenda nayo ikilia, ili wewe na kila unayempita msikie.

Lakini ninalokuomba ni kwamba iache. Ifunike pale ilipo, panda gari kesho pamoja na mizigo yako, na ukifika mwendee mwenyekiti umwambie kama ilivyo: pikipiki ninayo, ina ubovu kwenye gia, inafunguliwa, italetwa. Usimwambie iko njiani. Usimwambie imezuiwa na mvua. Mimi ningemwambia hivyo, ningekuwa na hadithi tatu tayari kabla sijashuka garini, na ndiyo maana sikuwahi kudumu kwa mwajiri anayeuliza maswali. Akikataa, atakuwa amekataa kitu cha kweli. Na kama ni mfugaji kweli, anajua tofauti ya ng'ombe anayechechemea na ng'ombe aliyefichwa kwato. Wewe umesomea hayo. Ungemkuta mtu amempaka ng'ombe wake matope ili kidonda kisionekane sokoni, ungemwambia nini?

Na swali lako, ungojee nani. Sikujibu jana kwa sababu jibu nilikuwa sijalifanya. Leo nimelifanya. Baada ya swala ya adhuhuri nilimkuta Bwana Athman amekuja kukagua ukuta, nikamwambia naondoka.

"Wewe?" akasema. "Tumefika kwenye linta juu ya madirisha, waondoka?"

"Mwanangu anaanza kazi na pikipiki yake ni mbovu."

"Huko kwenu hakuna mafundi?"

"Wapo. Lakini ubovu ule ninaujua mimi. Nimeutia."

Anaikumbuka pikipiki yake ilivyorudi na punda. "Hata ukiiuza," akasema, "haifikii nauli yako."

"Najua, Bwana."

"Haya, enda. Lakini sikuwekei nafasi. Wako wengi wanaongojea pale Mtangawanda."

"Usiniwekee."

Akaenda hatua kadhaa akarudi. "Mtoto wa kiume?"

"Wa kike."

"Na yeye ndiye aendeshaye?" Akatikisa kichwa akacheka kidogo, sijui kwa kushangaa au kwa kunihurumia. "Basi mwambie asinywe maneno yako yote. Wewe hukawia kusema."

Mama, nakuita hivyo kwa sababu umebeba jina la mama yangu, ambaye naye nilikuwa nikimnyamazia mambo mpaka akafa akiamini niko sawa. Sijui utaamua vipi. Utausoma ukurasa huu umevaa tayari, mama yako anakuita ule, na ile pikipiki iko uani imeoshwa. Natamani ningekuwa na sauti ya kusema na ikakufikia kama amri, lakini hiyo niliitumia vibaya nikiwa karibu. Ukienda nayo sitakulaani. Nitakaa na simu mkononi kwenye ukuta huu mpaka uniambie umefika chini. Ukiiacha, mpe ufunguo mama yako, umwambie asimpe mtu yeyote, hata wa kupeleka maziwa mara moja tu. Hasa huyo wa mara moja tu.

Natoka hapa Alhamisi kwa boti ya asubuhi ya Mtangawanda, na nategemea kuwa nyumbani Jumapili ijayo, watu wakitoka kanisani. Safari hii sibebi chupa yoyote. Jumatatu nitaifungua injini pale sokoni na fundi, mbele ya macho yangu haya yanayoona sasa, na kile kitakachotoka ndani nitakupigia picha, kiwe kizuri au kibaya. Ikionekana imekufa, nitakwambia imekufa, na tutafikiri pamoja. Ikipona, nitashuka nayo mwenyewe ule mteremko mpaka kwako. Ukisikia pikipiki inasimama nje, usitoke kunisalimu kwanza. Chukua bisibisi, utie sikio upande wa kulia, usikilize. Mimi nitangoja mlangoni mpaka uniambie unasikia nini.

Baba yako